Nilichokwenda Kusema Kiwandani

Jomvu Kuu, jioni ya kuamkia safari

Mwanangu Swaleh,

Salamu hizi zikukute kabla hujanikuta mimi mwenyewe. Umekwenda Junda kumuaga shangazi yako, na namjua wifi yangu, hamwachi mtu aondoke bila ya kumlisha mara mbili, kwa hivyo nina wasaa. Naandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu. Ndizo nilizofundishwa mimi, nawe ulizisoma kabla ya hizo za Kizungu, na mjomba wako Bakari alizisahau tangu alipoanza kuvaa tai. Sitaki barua hii aisome.

Habari za baridi ya Nairobi sitakuandikia. Wala za kuchagua rafiki, wala za kuswali kwa wakati. Hayo umeyasikia mpaka umeyachoka, na ya kuvaliwa nimekwisha kuyatia sandukuni.

Lililonikalisha mkekani na kalamu ni moja. Juzi, watu walipokwisha kutawanyika baada ya dua yako ya safari, ulikuja jikoni ukaniomba radhi. Nikakuambia niache kwanza nioshe vyombo. Ukangoja, ukaona vyombo haviishi, ukaenda zako kulala. Jana hukuuliza tena, na leo umenibusu mkono ukatoka. Unajua vyema kuwa sijakupa. Mtoto aliyelelewa katika nyumba hii hapandi gari kwenda kuanza kazi ya maisha yake bila ya radhi ya mamake, na mama mwenye akili timamu hamnyimi mwanawe radhi bila ya sababu. Sababu yangu ni hii ninayoiandika. Isome mpaka mwisho, kisha ndipo uje unione.

Siku uliyotuambia habari ya kazi yako, hakuna aliyepiga vigelegele kunishinda. Mama Riziki wa nyumba ya pili, Mkristo wa watu kutoka bara, alikuja mbio akidhani pana harusi. Ulitukalisha ukatueleza kuwa uhuru uko mlangoni, na nchi haina mtaji. Wenye mtaji wako ng'ambo, na lazima awepo mtu wa kuwaita, kuwaonyesha mahali pa kujenga, kuwapunguzia kodi, na kuwatuliza roho wasidhani mali zao zitanyang'anywa bendera ikibadilishwa. Afisi yako itakuwa ndiyo hiyo. Nikakuuliza, "Yaani wewe kazi yako ni kukaribisha wageni?" Ukacheka, ukasema ndiyo mama, ndiyo hiyo hasa. Nikasema basi usiwe na wasiwasi, kazi hiyo kwetu ni ya jadi.

Na si uongo. Mgeni mwenye mtaji wa kwanza kukanyaga mtaa huu nilimkaribisha mimi, kwa mikono yangu miwili. Mengine unayajua na mengine ulikuwa shuleni kisiwani, kwa hivyo nayaandika yote.

Mjomba wako ndiye aliyemleta. Wakati ule Bakari alikuwa karani bandarini, ana suruali mbili na maneno mengi. Alinijia asubuhi moja akaniambia, "Dada, yuwaja Mzungu wataka kujenga kiwanda cha sabuni. Mbata zetu za nazi zitapata mnunuzi hapa hapa, na vijana watapata kazi. Lakini wakwenda kumuonyesha mahali pengine pia, na akipendezwa huko, sisi tumekosa. Nipikie."

Nikapika. Wallahi nilipika siku ile kama napika kwa ajili ya bwana harusi. Pilau, samaki wa kupaka, mkate wa sinia, kaimati. Mzungu akaja, mrefu, shingo nyekundu, na shada la funguo mkononi asiloliweka chini hata wakati wa kunawa. Ndipo watoto wakamwita Bwana Funguo, na jina likamganda. Akakaa mkekani na wazee, akala sinia moja nao, kwa mkono, akijimwagia mchele magotini. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango nikimtazama, na moyo wangu ukalainika. Nikasema huyu amekula chumvi yetu, huyu si wa kutudhuru tena.

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu. Mimi niliamini kuwa kile chakula ni ahadi. Yeye alidhani ni chakula tu, na sikumwambia vinginevyo. Sisi hatumwambii mgeni masharti. Tunaona haya. Tunaficha dhiki zetu nyuma ya nyumba, tunamtolea sahani nzuri ya kuazima, halafu tunangoja naye aone haya kama sisi. Nani alimfundisha?

Walipokwisha kula, wakazungumza habari ya uwanja ule wa kando ya hori la bahari. Wazee walikubali ajenge, na serikali nayo ikaandika yake. Kisha Bwana Funguo akasema kitu na Bakari akanigeukia pale mlangoni. Alisema, "Dada, yuwauliza habari ya kisima. Watahitaji maji wakati wa kujenga, na ya kiwandani baadaye. Wauliza wakulipe nini kwa mwaka, muandikiane."

Kisima unakijua. Babu yako alikichimba na wenzake, wakakijengea kwa mawe ya matumbawe, na kabla ya kufa akakiweka sabili. Mpita njia anywe, jirani ateke, Mwislamu na asiye Mwislamu, na thawabu zake zimfuate yeye kaburini. Aliponiachia mimi sehemu ile ya ardhi aliniambia nisimzuie mtu na nisimtoze mtu. Basi nilipoulizwa nilipwe nini, niliona kama nimetukanwa kidogo. Nikasema, "Mwambie maji hayauzwi hapa. Hii ni sabili ya babangu. Na ateke atakavyo." Wazee wakaitikia vizuri sana. Nilijiona mkubwa siku ile. Mzungu na mali zake zote, na mimi mjane wa kuli wa bandarini nampa maji bure.

Alinishukuru kwa kuinamisha kichwa. Akasema kampuni haitasahau, na kiwanda kikisimama, watavuta bomba la maji ya serikali mpaka mtaani, kila njia na mfereji wake wa kutekea. Hilo pia alilifasiri Bakari, na wazee walilisikia.

Kiwanda kikasimama. Sitaki useme kuwa mama yako haoni mema. Mbata zilipata mnunuzi wa karibu. Vijana kadhaa waliajiriwa, ingawa wengi wa kupakia malori na wa kufukuzwa wakati wowote. Mama Riziki alifungasha sabuni pale miaka yote, akasomesha binti zake. Kulikuwa na taa getini, na tuliokuwa tukitoka mazishini usiku tulizishukuru. Kama ingekuwa hivyo tu, leo nisingekuwa na la kuandika.

Lakini waliweka mashine kisimani. Kwanza ndogo, ikipigapiga mchana tu. Halafu wakachimba tundu jingine refu kando yake, wakaleta mashine kubwa, ikawa haipumziki. Mimi sikuwa na wasiwasi. Kisima cha baba yangu hakikuwahi kukauka hata mwaka wa njaa. Na kweli hakikukauka. Siku moja nilichemsha chai nikaona ina ladha ya machozi. Nikamgombeza msichana wa kazi kuwa ametia chumvi mahali pa sukari. Kesho yake tena. Wanawake wakaanza kunitazama wanapoteka, maana kisima ni cha kwetu. Wiki zilivyokwenda, maji yakawa hayachemshiki wala hayaoshi nywele. Mzee mmoja wa upande wa hori akatueleza kuwa ukivuta maji matamu kupita kiasi, bahari inaingia kushika nafasi yake, na ikishaingia hairudi upesi. Kiwanda hakikujali, kwa sababu wao walikwisha kujivutia bomba la serikali kutoka Changamwe. Bomba liliishia getini kwao.

Unakumbuka jinsi tulivyoishi. Maji ya kunywa kwa mkokoteni kutoka mbali, na yakikosekana, hayo hayo ya kisimani. Unakumbuka chai ile. Wewe uliinywa bila kukunja uso hata mara moja, na mimi nilikuwa nikiwaambia watu, mtazameni Swaleh, ana adabu, hamkosei mama yake hata kwa jicho. Nitalirudia hilo hapo mbele.

Kilichoniuma zaidi si chai. Babangu alikiacha kile kisima ili kila anayekunywa amwombee. Kilipoharibika, niliona nimemkatia mzee thawabu zake nami ni hai. Nililala vibaya. Mwishowe nikasema nitakwenda mwenyewe nimwambie Bwana Funguo. Ukali sina nia nao, nitamwambia kama mwenyeji anavyomwambia mgeni wake.

Nikakuchukua wewe unisindikize, maana mwanamke haendi peke yake katika afisi ya wanaume. Ulikuwa mwanamume kamili, ndevu zimeanza, na Kiingereza chako kilikuwa kizuri kuliko cha Bakari. Lakini Bakari alikuwa amekwisha kuajiriwa mle kampunini, kiti chake na meza yake, na alipotuona alisimama haraka. Nikaona si adabu kumpita mjomba wako. Nikasema yeye ndiye mkubwa, yeye afasiri. Wewe ukasimama kushoto kwangu.

Nilisema hivi, na neno halijanipotea: "Bwana, nimekuya kwako kwa wema. Kisima cha babangu kimeingia chumvi tangu mashine yenu kubwa. Tafadhali izimeni, kirudi pole pole. Na kama haiwezekani kuzimwa, basi tupeni ule mfereji mliotuahidi mbele ya wazee. Watu wakunywa chumvi, na mimi ndimi wanayenitazama."

Bakari aliiweka sawa tai yake. Kisha akasema Kiingereza chake, kirefu, akitabasamu. Bwana Funguo naye akatabasamu, akakutazama wewe kutoka kichwani mpaka miguuni, akasema maneno. Bakari akaniambia, "Amesema atalitazama, dada. Nenda nyumbani, usiwe na shaka."

Tulipotoka getini nilikuuliza na wewe, kwa sababu nilitaka kusikia kwa mtu wangu. Nikasema, "Swaleh, amesemaje hasa?" Ukajibu, "Amesema atalitazama, mama." Ukaanza kutembea mbele yangu. Wewe hukuwa na desturi ya kunitangulia. Nikadhani umeona haya kutembea na mama yako mbele ya vijana wa kiwandani.

Nikangoja. Mashine haikuzimwa, mfereji haukuja. Baada ya muda Bakari akaja na habari njema nyingine, kuwa amekupatia mtu wa kukulipia karo mpaka umalize. Nilimuuliza nani, akasema, "Nduguyo ana marafiki, dada, wewe omba dua tu." Nikaomba dua. Huyu Bakari nilimlea mimi baada ya mama yetu kufariki. Nilimbeba mgongoni nikiwa mimi mwenyewe sijakua. Ningemhoji vipi?

Na Bwana Funguo nikamchukia. Miaka yote hii nikipita njia ya kiwandani akanipungia mkono kutoka ndani ya gari lake, nami nikageuza uso. Niliwaambia wanawake wote wa mtaa kuwa mtu yule hana haya, amekula kwangu, nikaenda kumlilia, akaahidi, akasahau, na bado ananipungia mkono. Nilimlaani katika sijda, mwanangu. Mungu ndiye anayejua nilivyomlaani.

Sasa tufike juzi. Yasini ilikwisha kusomwa, halua imepita, na wanaume pale ukumbini wameanza kupumua na kuchekesha. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la kahawa. Bakari alikuwa amekaa katikati kama yeye ndiye anayesafiri. Mtu akamsifu, akasema, mjomba umemfikisha kijana mbali. Naye akasema, nawe ulikuwa ubavuni pake:

"Nikwambieni siri. Siku dadangu alipokuya kampunini kumshtaki Mzungu kwa habari ya kisima, mimi niliyageuza maneno yake. Nilimwambia Bwana, mama huyu amekuya kukushukuru kwa kiwanda, na akuomba umtazamie mwanawe kwa masomo. Mzungu akafurahi, hapo hapo akakubali kulipa. Angalisema alilokuya kusema, yeo Swaleh yuwabeba magunia. Na kiwanda chenyewe huenda kingalihamia Tanga."

Wakacheka. Wengine wakasema Bakari ana akili za mahakama. Nikaliweka birika chini. Na unajua nilichofanya? Sikumtazama Bakari. Nilikutazama wewe. Nilingoja ushtuke. Nilitaka uinue uso, useme mjomba, umesema nini hicho? Nilikungoja kwa roho yangu yote. Uliinamisha macho ukaendelea kukunja kipande cha karatasi ya halua mpaka kikawa kidogo kabisa.

Ndipo nilipofahamu. Ulisimama kushoto kwangu, na Kiingereza chako ni kizuri kuliko chake. Ulisikia kila neno. Ulisikia shtaka langu likigeuzwa kuwa ombi la ombaomba, na jina lako likitiwa ndani yake. Ukaja kuniambia getini, kwa mdomo wako, amesema atalitazama. Halafu ukaja nyumbani ukanywa ile chai bila kukunja uso, mwaka baada ya mwaka, na mimi mjinga nikiisifu adabu yako.

Nimesalitiwa na ndugu yangu, na nimesalitiwa na mwanangu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo, na neno jingine la kulipunguza sijalipata tangu juzi. La Bakari naweza kulimeza. Ndivyo alivyo, alikuwa akiniibia nazi tangu mdogo na kuniletea nusu kama zawadi. Lako halipiti kooni.

Najua utakavyojitetea, maana jana asubuhi ulianza, ulipoona nimenuna. Ulisema, "Mama, nchi haijengwi kwa kisima kimoja. Mwenye mtaji akishtuka siku moja, harudi, na wenzake watasikia." Nilikuacha useme. Huenda ni kweli. Mimi sikusoma habari za mitaji. Naweza hata kukubali kuwa wakati mwingine kisima kimoja kitakufa ili watu mia wapate mshahara. Lakini hilo ni jambo la kuniambia mimi, nilie, nigombe, halafu niamue nami. Hukuniambia. Mlikaa watu wawili wanaojua lugha mbili, mkaamua juu ya kichwa cha anayejua moja.

Na Bwana Funguo mwenyewe? Sijui angalijibu nini. Huenda angalicheka. Huenda angalisema maji ya chini ni ya serikali, au angaliniambia wewe mwenyewe si ulisema niteke nitakavyo? Angalikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu nilisema. Huenda pia angaliona haya akazima mashine usiku. Sijui, Swaleh, na sitajua. Mmeninyima hata kukataliwa. Miaka hii yote nilimchukia mtu ambaye sikuwahi kumwambia kosa lake, na yeye akinipungia mkono akidhani ananipungia mama mwenye shukrani.

Hili halikukaa kwangu peke yangu. Watu wa mtaa huu walipogombana, hawa wakitaka mwambao ujitenge na hawa wakitaka uhuru wa nchi moja, wote walikubaliana kwa jambo moja, kuwa mambo yetu yatanyooka yatakapokuwa mikononi mwa watoto wetu waliosoma. Watakuwa wao ndio wa kusema na wageni. Nami nilisema hivyo, kwa sauti, kisimani. Sasa nakuona umepewa kiti hicho hasa. Utakaa baina ya mwenye mtaji na mtu kama mimi. Atakuja kwako mtu wa Taveta au wa Kisumu, amevaa nguo yake ya Ijumaa au ya Jumapili, amejizoeza maneno yake njia nzima. Mgeni naye atakuwa amekaa pale na wewe unamtaka asiondoke. Na utakuwa umekwisha kujua, tangu kiwandani kwetu, jinsi ilivyo rahisi. Unatabasamu, unageuza, na kila mtu anakwenda nyumbani ameridhika. Kiwanda kinajengwa. Pengine kijana mmoja anasomeshwa.

Sikukatazi kuwaita. Waite. Wakija wape chakula, na chakula kizuri. Mimi ningependa tu usifanye nililofanya, la kuona haya kumwambia mgeni kiasi. Walipouliza nilipwe nini, ningalisema, maji kuuza siuzi, lakini utavuta mwisho hapa, na siku yakiingia chumvi utasimama. Angaliandika, maana wao huandika kila kitu, na asingaliniona bahili. Nilitaka nionekane karimu. Hilo langu nimelibeba na nitakwenda nalo kwa babangu. Lakini lako sitakubebea.

Nimefikiri tangu juzi nikunyime radhi kabisa. Nimefikiri pia nikupe, ninyamaze, uende, watu waseme alivyo na moyo mkubwa. Hilo la pili ndilo tulilozoea katika nyumba hii, na limetufikisha hapa. Kwa hivyo nimefikia hivi.

Garimoshi lako laondoka jioni. Asubuhi kiwanda kiko wazi, na Mama Riziki ameniambia Bwana Funguo yupo, haendi kwao mpaka baada ya sherehe za bendera. Kesho tutakwenda, mimi na wewe. Bakari atakuwa mezani kwake, atasimama haraka kama siku ile, na wewe utamwambia kwa heshima zote, keti mjomba. Mimi nitasema nilichokwenda kusema, maneno yale yale, kuhusu mashine na kuhusu mfereji. Nawe utayapeleka kama yalivyo. Usiyalainishe, usiyatie chumvi. Kisha utamwambia Bwana Funguo kuwa mara ya kwanza hayakumfika, na kwamba ulikuwepo na ulijua. Anachojibu utanigeuzia vivyo hivyo, hata kikiwa kibaya. Kikiwa kibaya, hasa.

Najua unachoweza kupoteza. Mtu wa kampuni akikasirika, anaweza kuandika Nairobi, na afisi yako inapenda watu wa kampuni wafurahi. Nimelifikiria hilo, sikulisahau kwa hasira. Karo zako zilitoka kwake, na atakapojua zilitoka kwa njia gani, huenda akajiona amechezewa, na ni kweli amechezewa. Unaweza kufika Nairobi ukakuta kiti kimepewa mwingine. Ukirudi, utakuta mkeka wako palepale, na utakula tunachokula.

Kisima hakitapona kwa maneno yetu. Hilo pia nalijua, usije ukanieleza. Lakini ukishamaliza kusema, pale pale mlangoni mwa afisi yake, mbele ya mjomba wako na mbele ya Mzungu, nitaweka mkono kichwani kwako nikupe radhi yote, ya safari na ya kazi na ya maisha, na nitakusindikiza stesheni.

Ukiona huwezi, sitakulaani. Wewe ni mwanangu na nilikuzaa kwa shida. Iache barua hapa, urudi ukalale Junda, nami kesho nitamtuma mtu na sanduku lako, upande gari lako jioni. Lakini usinitafsirie tena neno lolote, wala usinitumie salamu kwa mdomo wa Bakari.

Barua nitaiweka juu ya sanduku, na hapa ndipo nakomea, maana nasikia adhana. Kiwanda hufunguliwa saa mbili. Mimi nitakuwa nimekwisha kuvaa.

Mamako,
Mwanaisha